Ukoo Wetu Hauhitaji Jina Moja

Ndugu zangu wa Tanga na Pangani, nawaandikia kutoka Malmö.

Nimelisoma pendekezo mlilolileta kwenye kundi la familia baada ya kikao cha Idi: kwamba kuanzia sasa kila mtoto atakayezaliwa kwetu aandikwe jina moja la mwisho, la babu yetu mkubwa, ili nasi tujulikane kama koo nyingine. Vijana wameshalipokea kwa furaha. Mkasema na walioko Ulaya watoe maoni, kwa kuwa huko ndiko wanakoishi hivyo. Mimi natoa yangu, na nayatoa kwa moyo wote: naomba tusifanye hivyo.

Nianze na hawa wenyeji wangu, maana mnawatolea mfano. Waswidi hawakuwa hivi tangu mwanzo. Kwa karne nyingi mkulima wa huku aliitwa kwa jina lake na la baba yake, kama sisi. Mtoto wa kiume wa Anders alikuwa Andersson, na dada yake Andersdotter, yaani bin Anders na binti Anders. Sven Andersson akipata mtoto, mtoto huyo ni Svensson, kwa sababu baba yake ni Sven. Mwanamke wa shamba akiolewa hakubadilisha kitu. Alibaki binti wa baba yake mpaka anazikwa. Jeshini, kina Andersson wakizidi kikosini, askari alipewa jina fupi la kumtofautisha na wenzake: Rask, mwepesi, Modig, jasiri, Sköld, ngao. Mengi ya majina hayo yalirithiwa na watoto wao, na bado mnaweza kuyaona kwenye milango ya watu.

Kisha majina yakaanza kuganda, mijini kwanza, mashambani baadaye, na sheria ya mwaka 1901 ikaja kukaza fundo. Leo utakutana na mama wa Kiswidi anayeitwa Andersson. Yeye si mwanamume, na baba yake hakuitwa Anders. Anders huyo ni mtu wa zamani ambaye zamu yake ya kutajwa ndiyo iliyokuwapo siku mnyororo uliposimama. Waliomtangulia hawamo katika jina, na waliomfuata hawakupata nafasi. Na tangu 2017 sheria yao mpya inamruhusu mtu kuunda tena jina la mwisho kutokana na jina la baba au la mama. Wameona walichokipoteza. Sisi tunataka kukiacha wakati wao wanakirudia?

Msiniambie kwamba dunia ya sasa haiwezi kwenda bila jina la ukoo. Iceland inakwenda. Mwaka 1925 walipiga marufuku kujitungia majina mapya ya ukoo, na mpaka leo wengi wao ni fulani mwana wa fulani, binti wa fulani. Mwaka 1980 walimchagua Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa rais kwa kura za wananchi. Ni Vigdís binti Finnbogi. Kitabu chao cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza, na rais wao walimwita Vigdís tu. Nchi hiyo ina benki, ina vyuo vikuu, ina ndege zake.

Na sisi tunao mfano ulio karibu zaidi. Rais wetu ni Samia, baba yake Suluhu, babu yake Hassan. Ameolewa, na hakuna siku aliyolibadilisha jina. Magazeti ya huku yakimwandika husema "Rais Hassan". Kila nikiliona hilo naumia kidogo, kwa sababu kwa kila mtu wa kwetu wamemtaja mzee mwingine kabisa. Sisi tunasema Mama Samia, na ndiye. Hebu tazameni na Zanzibar: Abeid Amani Karume alimpa mwanawe jina la Amani. Mtoto akawa Amani Abeid Karume, naye akaja kuwa rais kuanzia 2000 hadi 2010. Babu amerudi kupitia mjukuu. Jina la mwisho wamelibakiza, ndiyo, lakini raha yote ya jina lile iko katikati, pale Abeid na Amani wanapopokezana.

Mwalimu naye. Baba yake aliitwa Nyerere, mwana wa Burito, na jina hilo alipewa kwa sababu ya viwavi waliovamia nchi ya Wazanaki wakati wa kuzaliwa kwake, mnamo 1860. Mwanawe alizaliwa mwaka 1922 kwenye mvua kubwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Ubatizo ukamwongezea Julius. Kwa hiyo katika majina mawili ya Kizanaki mna habari za misimu miwili, wa wadudu na wa mvua, iliyopishana miaka sitini na zaidi. Lile la viwavi ndilo lililoganda likawa la familia. Burito nani anamtaja?

Hiki ndicho ninachokihofia kwetu. Kwetu jina ni la mtu, na lina aliyelitoa na sababu yake. Mtoto wa Ijumaa ni Juma au Mwanajuma. Wa Alhamisi ni Khamis. Wa sikukuu ni Idi au Mwanaidi. Aliyetoka usiku ni Chausiku. Bibi zetu waliweka na maneno yao humo. Mke aliyekuwa na jambo asiloweza kulitamka ukweni alimwita mtoto Sikujua, au Tabu, au Sikudhani, na kila alipomwita uani mawifi walisikia. Vijana wa sasa wanaona haya kuitwa hivyo. Mimi nawaambia hayo ndiyo maandishi ya wanawake ambao hawakupewa kalamu.

Mnakumbuka pia adabu inayokuja na jina la mzee. Mtoto akipewa jina la baba mkwe, mama yake halitamki. Anamwita Babu. Nimemwona shemeji yetu mmoja pale Pangani ameshika kandambili mkononi, amekasirika kwelikweli, sukari yote imemwagwa sakafuni. Akainua mkono, akamtazama yule mtoto wa miaka minne, akasema, "Babu, toka mbele yangu," kisha akaishusha kandambili. Mkiwapa watoto wote jina moja la mwisho, mtaanza kuona la katikati kama ziada. La babu litakuwa la kwanza kuachwa pale karatasi inapokosa nafasi.

Sisemi majina ya ukoo ni mabaya. Kina Mazrui na Barwani wanayo yao tangu enzi, na Wachaga wana Mushi, Massawe na Kimaro. Hayo yamekua na watu wenyewe. Letu tungelitunga kikaoni, kwa kura.

Najua hoja yenu kubwa ni makaratasi, na haki mnayo. Nimevuka mipaka na wanangu nikaulizwa kwa nini jina langu la mwisho si lao, nikasimamishwa pembeni huku wenzetu wanapita. Lakini kilichotutesa zaidi ukoo mzima ni herufi. Kaka yetu ni Hamisi kwenye cheti cha shule, Khamis kwenye pasipoti, na kwenye cheti cha mtoto ameandikwa Hamis. Ofisi moja ya huku ilimhesabu kuwa wanaume watatu. Jina la babu mkubwa lisingetuokoa hapo, maana nalo tungeliandika kwa namna nne.

Basi badala ya pendekezo lile naomba mawili. Kwanza, kila nyumba ichague namna moja ya kuandika majina yake na isiiache: RITA, NIDA, shule, pasipoti, hospitali, majina matatu yote, mwanzo hadi mwisho. Pili, linunuliwe daftari likae kwa shangazi mkubwa. Kila mtoto aandikwe humo jina lake, la baba, la babu, na la babu wa babu; siku aliyozaliwa; nani alimpa jina na kwa nini. Waanze na wazee walio hai, wao waulizwe wenyewe.

Huyu mtoto wa juzi, ambaye nasikia ataitwa jina la babu yake mzaa mama, msimpeleke kwenye cheti kabla hamjatazama kitambulisho cha baba yake jina limeandikwaje. Mkishamaliza, nipigieni picha ya cheti na ya ukurasa wake kwenye daftari, mnitumie.

Wasalaam,
Dada yenu, Malmö