Profesa akifunga mdomo, mwanafunzi atajifunza nini?

Leo tunaongea juu ya walimu wetu wa unif na simu zao.

Chuo kikuu kina haki ya kuwekea wafanyakazi wake kanuni ya mitandao. Lakini kanuni yenye maneno haieleweke ni fimbo tu. Tuangalie Kansas, Marekani. Mwezi wa 9, 2013, nyuma ya mauaji ya watu 12 huko Washington, profesa mmoja aliandika kwenye Twitter maneno makali juu ya NRA, chama cha wenye kutetea bunduki. Mwezi wa 12, baraza yenye inasimamia vyuo vikuu 6 vya jimbo ikapitisha kanuni: mkubwa wa chuo anaweza kufukuza mfanyakazi mwenye anaandika kitu chenye hakifai kwa faida ya chuo, ama chenye kinaharibu uelewano kazini. Nani anapima hiyo faida? Ni ule ule mwenye anafukuza! Walimu walipiga kelele. Mwezi wa 5, 2014, baraza ikaongeza maneno juu ya uhuru wa kufundisha, lakini fimbo ikabaki.

Haiko mambo ya mbali. Hapa jirani Kampala, mwaka 2017, Makerere ilisimamisha kazi mtafiti Stella Nyanzi juu ya maandiko yake ya Facebook yenye yaligusa Waziri wa elimu, Janet Museveni, bibi ya rais.

Sisi tulimaliza unif, tuko na diplome bila kazi. Tunajua auditoire inakuwaka namna gani wakati asistanti anaogopa: anasoma silabusi, anafunga, anaenda.

Hatuseme kila kitu kiruhusiwe. Mwalimu mwenye anaandikia mwanafunzi wa kike usiku kwenye WhatsApp akimuahidi pointi, aadhibiwe. Mwenye anachochea chuki ya kabila, vilevile. Hayo ni makosa yenye jina. Lakini kuuliza minerval inaenda wapi, hiyo haiko kosa. Katiba yetu ya 2006, article 23, inapatia kila mtu haki ya kusema mawazo yake. Profesa haachi hiyo haki kwenye mlango wa chuo.

Kwa hiyo tunaomba komite za vyuo vyetu vitu tatu. Mukiandika kanuni, kosa liandikwe wazi. Mwenye kushtakiwa asikilizwe na watu wenye hawako wakubwa wake. Na karatasi ibandikwe kwenye valve, wote tuisome.