Wimbo Usioeleweka Husafirije?

Vijana wetu wenye vipaji vya muziki aghalabu huusiwa kwamba, wakitaka kusikika ulimwenguni, yafaa wakiache Kiswahili na kuimba kwa Kiingereza. Usia huo una sura ya busara, lakini haulingani na ushahidi uliopo.

Ushahidi wa kwanza hauko mbali. Puge ipo kwenye barabara itokayo Nzega kwenda Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, ambayo katika karne ya 19 ilitoa maelfu ya wapagazi wa misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wapagazi hao waliimba njiani: mmoja alianzisha, wengine wakaitikia. Mgeni asiyejua Kinyamwezi aliweza kujiunga na waitikiaji upesi, kwa kuwa kiitikio kifupi kinachojirudia, tena kinachokwenda sambamba na hatua za miguu, hakihitaji mkalimani. Maana ilifuata baadaye, au haikufuata kabisa.

Intaneti imeongeza kasi ya safari. Kanuni ni ile ile. Mwaka 2012 video ya "Gangnam Style" ya PSY, iliyoimbwa kwa Kikorea isipokuwa maneno machache, ilikuwa ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja katika YouTube. Kihesabio cha mtandao huo kiliundwa kisivuke 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 kutoa 1, na mwaka 2014 ilibainika kwamba ni lazima kipanuliwe. (Mwalimu wa hisabati hatapata mfano mzuri kuliko huo.) Watazamaji wengi hawakujua Kikorea, walijua kuiga mchezo ule wa mpanda farasi.

Kadhalika "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 2019. Mwaka 2020 kikundi cha Fenómenos do Semba cha Angola kilijirekodi kikiucheza huku wachezaji wameshika sahani za chakula. Hatua zao zikaigwa hadi na wauguzi wa Ulaya. Wimbo wenyewe ni sala. Wengi walioucheza hawakujua kwamba wanasali.

Hapa nchini, Kili Paul alipata umaarufu India mwaka 2021 kwa kufuatisha midomo nyimbo za Kihindi, na Februari 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja redioni pamoja na dada yake, Neema.

Jambo la kuzingatia ni uwiano. Tuseme watu 1,000 wameona wimbo, na kila 10 kati yao huwavuta wapya 9. Baada ya hatua 20 kila kundi jipya litakuwa limepungua hadi watu 120 hivi, na wimbo umekufa. Lakini kila 10 wakiwavuta 11, kundi la hatua ya 20 litapita watu 6,700, nalo litazidi kukua. Maradhi ya kuambukiza huenea kwa hesabu hiyo hiyo. Tofauti ya watu wawili tu kwa kila kumi yatosha, na watu hao huvutwa na kile wanachoweza kukirudia wenyewe: mdundo, neno moja, hatua ya mguu.

Hapana budi kukiri kwamba hesabu hii haipimi ubora. Utenzi wenye fikra nzito waweza kubaki kijijini, na upuuzi ukazunguka dunia. Hata hivyo, anayemwambia kijana wa Puge aache lugha yake anamnyang'anya kitu ambacho hakikuwa kizuizi. Kundi la Them Mushrooms la Mombasa lilitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani, lilitoa toleo lake. Salamu na kiitikio likaviacha katika Kiswahili.