Kuandika mradi mpaka ukubaliwe: kwa nini mashirika yetu ya Kasongo na Kabambare yanabaki nyuma

Mwaka 2025 ulibadilisha hesabu za misaada katika nchi yetu. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tarehe 10 Machi waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikafunga milango. Kwa Kongo hii si habari ya mbali, maana mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu zilizoingia kwetu. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza msaada wake wa nje mpaka asilimia 0.3 ya pato la taifa kufikia mwaka 2027.

Katika majuma yale yale Goma ilianguka mwisho wa Januari, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Mashirika mengi ya kimataifa yanayofanya kazi mashariki yalikuwa na ofisi zao kubwa kule. Banki za Goma zikafungwa, na uwanja wa ndege vilevile. Huku Maniema ya kusini, mashirika madogo yaliyokuwa yanangoja simu kutoka kule yalibaki yanangoja.

Njo maana leo kila shirika, kila umoja wa wamama, kila kikundi cha vijana kinatafuta mtu anayejua kuandika mradi. Swali ambalo wengi wanauliza ni moja: kwa nini miradi yetu inarudi bila jibu, na ile ya wengine inapita?

Tulijifunza mwisho, hatukujifunza mwanzo

Kwa miaka mingi kazi ilikwenda hivi: shirika la kimataifa linaandika mradi, linapata pesa, halafu linatafuta shirika la hapa la kutekeleza. La hapa linahamasisha watu, linagawa mbegu, linajenga vyoo, linaandika raporti kila mwezi na kutuma faktura. Kwa hiyo watu wetu wanajua vizuri sana sehemu ya mwisho ya mradi. Sehemu ya mwanzo, yaani kuchunguza shida, kuchagua jibu, kupiga hesabu na kumshawishi mfadhili, ilifanywa na wengine, mara nyingi mbali na hapa.

Sasa yule wa katikati amepunguza wafanyakazi au ameondoka, na pengo linaonekana. Shirika lenye miaka 15 ya kazi linaweza kushindwa na karatasi ya kurasa tano. Haina maana kwamba halina akili. Ile kazi halijawahi kupewa.

Karatasi zinazoangusha mradi kabla haujasomwa

Miradi mingi haifiki hata mbele ya msomaji. Inaanguka kwenye ukaguzi wa karatasi.

Ya kwanza ni hadhi ya kisheria. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inasimamia mashirika yasiyo ya faida katika Kongo, na hadhi kamili, ile tunaita personalite zhiridiki, inatoka kwa waziri wa sheria kule Kinshasa. Mashirika mengi ya kwetu yana karatasi ya teritware au ya jimbo tu. Kwa mfadhili mdogo inaweza kutosha. Kwa mkubwa, hapana.

Ya pili ni konti ya banki kwa jina la shirika, yenye sahihi zaidi ya moja. Konti ya prezida au ya mke wake haikubaliwi. Ya tatu ni raporti za pesa za miaka iliyopita. Mfuko wa Kibinadamu wa RDC, unaosimamiwa na OCHA, unapima kwanza uwezo wa shirika lenyewe kabla ya kupokea mradi wake: nani anashika pesa, nani anasaini, nani anakagua. Asiyepita pale hana ruhusa ya kuleta mradi, hata kama wazo lake ni zuri namna gani.

Hizi karatasi hazitengenezwi siku tatu kabla ya mwisho wa kupokea miradi. Ni kazi ya kufanya wakati hakuna wito wowote.

Kujibu swali lililoulizwa

Ukipita mlango wa karatasi, msomaji anashika mradi wako pamoja na jedwali la pointi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, katika miito yake mingi unaomba kwanza andiko fupi la wazo. Linapewa pointi juu ya 50, na chini ya 30 limeisha pale pale. Sehemu ya pointi zinatolewa kwa jambo moja: je, mradi huu unajibu malengo ya wito huu?

Hapa ndipo tunaanguka mara nyingi. Wito unasema ushiriki wa wanawake katika upatanishi, sisi tunatuma mradi wa kufuga nguruwe na kuongeza neno "wanawake" kwenye kichwa. Au tunachukua mradi wa Uvira ulioandikwa na mwingine, tunabadilisha majina ya vijiji. Msomaji anakuta ziwa Tanganyika ndani ya mradi wa Kabambare, anauweka pembeni.

Kila wito una mwongozo wake. Uusome mara mbili na kalamu mkononi, uandike pembeni kila kitu kinachoombwa, halafu uandike mradi kwa kufuata ile orodha. Na kama mradi wako hauingii ndani ya ule wito, uache. Kungoja wito mwingine si aibu.

Somo la zamani la Kasongo: kuhesabu

Wengi wa vijana wetu hawajui kwamba jina la Kasongo linajulikana katika vitabu vya afya vya dunia nzima. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilifanya kazi hapa pamoja na wauguzi na waganga wa hapa, kujenga huduma ya afya ya vituo vidogo na hospitali moja ya kupokea wagonjwa wazito. Mwaka 1981 kikundi cha mradi wa Kasongo kilitoa makala katika gazeti la waganga la Lancet, juu ya chanjo ya shurua na maisha ya watoto wa miezi 7 mpaka 35. Swali lao lilikuwa zito: mtoto akikingwa na shurua, je, kweli anabaki hai, ao ugonjwa mwingine unamchukua baadaye? Wataalamu walibishana kwa miaka juu ya majibu yale.

Kwetu somo ni hili: waliweza kuuliza vile kwa sababu walikuwa wamehesabu. Walijua watoto wangapi walichanjwa, wangapi walikufa, kwa umri gani.

Linganisha na sentensi tunayoiona karibu kila mradi: "Wakazi wanateseka sana juu ya kukosa maji safi." Kila kijiji cha Kongo kinaweza kuandika vile. Lakini ukiandika kwamba kituo cha afya kiliandika wagonjwa wangapi wa kuhara mwaka uliopita, wangapi kati yao walikuwa chini ya miaka mitano, na kwamba chemchemi ya karibu iko mwendo wa dakika ngapi kwa mguu, msomaji wa Kinshasa ao wa Brussels anaona kijiji chako. Zile namba ziko kwenye rejista ya kituo cha afya, kwa muuguzi mkuu, au kwa chifu wa kijiji. Ni lazima kutembea kuzitafuta, basi.

Bajeti inayojua barabara yetu

Tuchukue mfano wa kubuni. Umoja wa wamama unataka kutengeneza chemchemi katika kijiji cha kaya 100, watu sita kwa kaya, yaani watu 600. Wanahitaji mifuko 40 ya simenti. Tuseme mfuko mmoja ni dola 25 sokoni Kasongo: inakuwa dola 1,000. Wanaandika 1,000, wanapita kwenye mstari mwingine.

Lakini simenti itafika namna gani? Wakati wa mvua moto moja inabeba mifuko miwili, kwa hiyo ni safari 20. Tuseme kila safari ni dola 15: ni dola 300 ambazo hazikuandikwa popote. Zitatoka wapi? Zitakatwa kwenye mchanga, kwenye mafundi, ao chemchemi itajengwa na simenti pungufu na kupasuka mwaka wa pili. Halafu watu watasema pesa zimeliwa.

Bajeti nzuri inaanza na kazi, si na jumla. Kila kazi iliyoandikwa kwenye mradi lazima ionekane kwenye bajeti, na kila mstari wa bajeti lazima uwe na kazi yake. Bei zinatafutwa sokoni kwetu, hazichukuliwi kwenye mradi wa Bukavu. Pia kuna gharama za ofisi: wafadhili wengi wakubwa, kama Mfuko wa Kibinadamu na Umoja wa Ulaya, wanakubali mpaka asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Kwa mradi wa dola 8,000 ni dola 560. Mashirika mengi ya hapa hayaombi hii pesa kwa sababu hayajui kwamba ni haki yao.

Mwisho, andika mabadiliko, usiandike mikutano tu. Kufanya mafunzo matatu si matokeo. Matokeo ni kwamba mwisho wa mwaka watu 600 wanateka maji safi, na kuna komite yenye pesa ya kutengeneza bomba likivunjika.

Wauza miradi na "opération retour"

Mahali penye njaa, wachuuzi wanafika. Kuna wanaouza mradi uliokwisha kuandikwa, na kuna wanaoahidi kwamba wanamjua mtu ndani, mradi ukipita watarudishiwa sehemu. Kongo nzima inajua jina la hiyo desturi: opération retour. Uchunguzi juu ya rushwa katika misaada ya kibinadamu, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba tabia hizi zimeingia ndani sana katika kazi za misaada mashariki mwa nchi.

Mwenye kulipia mradi kwa njia hii anapoteza mara mbili. Pesa za kurudisha zitatoka kwenye simenti ya watu. Na siku mkaguzi akifika, anayeulizwa ni shirika lililosaini, mchuuzi hayuko. Jina la shirika likiharibika kwa mfadhili mmoja, wengine wanasikia.

Si kalamu peke yake

Tuseme ukweli: hata tukiandika vizuri namna gani, mchezo haukupangwa kwa ajili yetu. Miito inatoka kwa Kifaransa au Kiingereza, na muda wa majuma machache. Fomu zinajazwa kwenye intaneti inayokatika. Mwaka 2016, kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba kufikia 2020 asilimia 25 ya pesa za kibinadamu zifike kwa mashirika ya nchi husika kwa njia fupi iwezekanavyo. Lengo halikufikiwa. Kwa hiyo mwenye kusema shida yote ni uandishi wetu mbaya anasema nusu ya ukweli.

Lakini nusu hiyo ndiyo iko mikononi mwetu. Kuna milango midogo ambayo mashirika ya saizi yetu yanaweza kujaribu: Mfuko wa Canada kwa Miradi ya Mitaa, ambao unatoa miradi isiyozidi dola za Canada 100,000, ao mifuko ya ubalozi wa Ufaransa na wa Japani kwa mashirika ya raia.

Na kuna mlango wa nyumbani ambao tunausahau. Kodi ya Mine ya mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa sekta, sheferi au mji ambako mgodi uko, na kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakazi wanaozunguka mgodi. Kabambare ina dhahabu ya Namoya, pale Salamabila, mgodi ambao Banro ilisimamisha kazi zake mwaka 2019. Kila mara mgodi wa kampuni unapofanya kazi, hizi pesa zinadaiwa kisheria. Lakini hata pale kuna mezani, kuna orodha ya miradi, kuna kuchagua. Kijiji kinachofika na malalamiko kinasikilizwa na kuagwa. Kijiji kinachofika na kurasa tatu, namba za kituo cha afya na bajeti yenye bei za soko, ni vigumu zaidi kukirudisha mikono mitupu.

Ya kufanya kuanzia sasa

Mashirika mawili au matatu ya eneo moja yanaweza kuungana na kuomba pamoja, mmoja mwenye karatasi kamili akiwa mbele. Kila shirika liteue mtu mmoja wa kukusanya namba kila mwezi, hata kwenye daftari. Kabla ya kutuma, mradi usomwe kwa sauti mbele ya wakazi kwa Kiswahili. Wamama wataona haraka kuliko mtaalamu yeyote kwamba mahali palipochaguliwa kwa chemchemi hukauka Julai. Na mradi ukikataliwa, muandikie mfadhili kwa heshima kuomba sababu. Wengine hujibu, na jibu lile ndilo mafunzo ya bure kuliko yote.