NAMBA IKIBADILIKA, JIRANI ASIACHWE



Mwaka 2018 CHF iliyoboreshwa ilianza: kaya ya watu 6 shilingi 30,000 kwa mwaka, na namba mpya. Kadi za zamani zikaisha kazi. Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mkaazi awe na bima.

Jamani, mzee katunza kadi sandukuni, anafika Kituo cha Afya na homa, ndipo aambiwe namba haipo! Kosa si lake. Aibu ni yetu tunaojua kusoma.

Kwenye kisomo, ajuaye alimfundisha asiyejua. Basi korosho zikishauzwa, msomee jirani, hesabuni majina ya kaya yote, mpeleke kwa mwandikishaji. Ugonjwa haupigi hodi.

Katibu, Kitangari