Jina Kongwe, Chuma Kipya

Kijana wa bodaboda anayepakia omena Homa Bay kuipeleka Migori akiwa juu ya TVS, pengine hana habari kwamba kampuni hiyo ya India ndiyo sasa yenye Norton, jina la Kiingereza lililovuma katika mashindano ya Isle of Man. Ilitoa pauni milioni 16 mwaka 2020. Kisha Norton ikalazimika kuwaonya waliouziwa V4 zamani za mwenye kampuni wa awali kwamba pikipiki hizo zina kasoro za hatari. Na bei yake haikuwa ya mzaha!

BSA nayo ilirudishwa mwaka 2021 kwa fedha za Mahindra, Wahindi vile vile. Gold Star mpya huwaka kwa kitufe. Ya kale ilitaka kupigwa kiki. Ni chombo kizuri, hatukatai. Lakini ya kale ilipata jina kwa kushinda mashindano, na hii ni ya matembezi ya Jumapili.

Sisi twaiheshimu zaidi HLX ya TVS. Haikurithi nembo ya mtu. Sifa yake imetoka kwenye magunia, abiria na barabara za vumbi, na fundi wa Rongo huifungua injini yake bila kutazama kitabu.