Kura 23,275 Zilizotupwa Bristol

Jimbo la Bristol South East halipo tena. Liliundwa mwaka 1950, likafutwa mwaka 1983 mipaka ya majimbo ilipochorwa upya, na leo wanaolikumbuka zaidi ni wanasheria. Hata hivyo ningependa wanafunzi wangu, na maofisa wanaosimamia chaguzi, walisome kwa makini. Swali lililozuka pale ni zito: wapiga kura wakimchagua, huku wakijua fika, mtu ambaye sheria imemkataa, nani mwenye kauli ya mwisho?

Tony Benn wa chama cha Labour alishinda kiti hicho katika uchaguzi mdogo wa Novemba 1950, baada ya Stafford Cripps kujiuzulu kwa sababu ya maradhi. Baba yake alikuwa Viscount Stansgate, cheo alichotunukiwa mwaka 1942 na ambacho kwa desturi ya Uingereza hurithiwa na mwana wa kiume. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki katika Vita Kuu ya Pili. Baba alipoaga dunia Novemba 1960, Benn akawa lodi pasipo kuomba, na lodi hakuruhusiwa kuketi katika Baraza la Makabwela. Alitaka kukikana cheo. Sheria haikumpa njia. Kiti kikawa wazi.

Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 4 Mei 1961, naye akagombea tena. Wapiga kura walikwisha kutangaziwa kwamba hana sifa. Wakampa kura 23,275, dhidi ya 10,231 za Malcolm St Clair wa chama cha Wahafidhina. Alipokwenda bungeni alizuiwa mlangoni. Shauri likafika mbele ya mahakama ya uchaguzi, ambayo iliamua kwamba, kwa kuwa wapiga kura walikuwa na taarifa ya dosari ya mgombea wao, kura zao zihesabiwe kuwa zimetupwa. St Clair, aliyepata chini ya nusu ya kura za mpinzani wake, akatangazwa mbunge.

Majaji siwalaumu, walifuata kanuni kongwe waliyoikuta. Ninayoipinga ni kanuni yenyewe. Chini yake, kama wapiga kura wangekuwa hawajui lolote, uchaguzi ungebatilishwa na kurudiwa. Kwa kuwa walijua, wakanyang'anywa sauti. Ujuzi wa raia, ambao sisi walimu tunahubiri kila siku kuwa ndio nguzo ya demokrasia, uligeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Halafu ikadhaniwa kwamba watu 23,275 hawakuwa na maana yoyote walipopiga kura zile, ilhali maana yao ilieleweka na kila mtu nchini.

Watetezi wa kanuni hii wana hoja nzito: ikiondolewa, jimbo moja laweza kulizuia Bunge zima kwa kumrudisha mtu asiye na sifa kila uchaguzi. Ni kweli. Lakini kiti kikiachwa wazi, aibu hulikalia Bunge lenyewe, nalo hulazimika kuitazama sheria yake. Kiti kikijazwa na aliyekataliwa, mambo huonekana yamekwisha. Nayasema haya nikikumbuka kwamba mashauri ya uchaguzi ya Afrika Mashariki yana asili yake katika mapokeo hayo hayo ya Kiingereza.

Bunge lilichukua zaidi ya miaka miwili. Sheria ya kuruhusu kukana ulodi ilipata idhini tarehe 31 Julai 1963, na siku hiyohiyo Benn akaukana. St Clair alikuwa ameahidi kuondoka sheria ikibadilika, na aliondoka. Wanaomdhihaki wangefaa kulitaja hilo pia. Tarehe 20 Agosti Benn akachaguliwa tena, Wahafidhina wakiwa hawakusimamisha mgombea.

Oktoba ya mwaka uleule, lodi mwingine aliitumia sheria hiyo: Alec Douglas-Home, Mhafidhina, alikana cheo chake ili awe waziri mkuu kutoka Baraza la Makabwela. Sijui kama Benn alicheka. Yeye aliendelea kuliwakilisha jimbo lake hadi lilipofutwa, kisha akagombea jimbo jipya la Bristol East, wapiga kura wakamchagua Mhafidhina.