Hati ya Ploti Haisemi Kilichomwagwa
Na Nasieku Sankale

Anayenunua ploti Kimuka, Kaunti ya Kajiado, siku hizi huanzia katika afisi ya ardhi. Hukagua hati akajua mwenye shamba ni nani, kama benki inamdai, na kama kuna jamaa aliyeweka zuio. Baadaye huja mpima na vigingi vyake, kisha fundi wa uzio, na mwenye uwezo huita mtambo wa kuchimba kisima. Katika mzunguko huo wote hakuna afisi hata moja itakayomwambia kwamba hapo palikuwa na karakana ya kuvunja betri, au ghala la dawa za kupe, au shimo la kumwagia mafuta machafu ya jenereta.

Nalisema hili mapema kwa sababu Kimuka bado tuna nafasi. Kitengela wenzetu waliamka viwanda vikiwa vimeshafika, vikitiririka kutoka upande wa Athi River na EPZ, eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, na nyumba zikajengwa kuvizunguka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 154,000 mjini humo, na wengi wao hunywa maji ya visima, yawe ya bomba la mtaa au ya maboza yanayozunguka tangu alfajiri. Huku kwetu, ng'ambo ya milima ya Ngong, kuna barabara ya kwenda Suswa, kituo kikubwa cha umeme kimejengwa hapa Kimuka, na reli imetoboa milima kwa handaki. Umeme na barabara vikishafika, kiwanda hakiko mbali. Ardhi iliyokuwa malisho inakatwa ploti za futi hamsini kwa mia, na mnunuzi wa ploti kumi zilizopakana si lazima awe mtu wa kujenga nyumba.

Sipingi viwanda. Vijana wetu wanazihitaji kazi hizo kuliko ninavyoweza kueleza katika ukurasa mmoja. Ninachodai ni kwamba kabla ya geti la kiwanda cha kwanza kufunguliwa, udongo na maji yapimwe, matokeo yawekwe wazi, na fedha za kusafisha ziwekwe kando. Baada ya uchafu kuingia, gharama na uchungu huwaangukia wasiohusika.

Tazama Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa ukutani mwa mtaa huo mwaka wa 2007, na kikafungwa kabisa mwaka wa 2014 baada ya wakazi na mfanyakazi wake wa zamani, Phyllis Omido, kuhangaika mitaani na maafisini. Omido alikuwa amegundua kwamba mwanawe aliyekuwa akimnyonyesha ana madini ya risasi katika damu. Mwaka wa 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 16, 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Iliamuru pia udongo usafishwe, la sivyo zitolewe Sh700 milioni za kuigharamia kazi hiyo. Mzigo haukuwekewa kiwanda peke yake. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ambayo ndiyo mlinzi aliyeajiriwa na umma, ilibebeshwa sehemu yake, na wizara za serikali pia. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu mwaka wa 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 6, 2024.

Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa alikuwa na takriban miaka kumi siku hiyo. Katika miaka hiyo yote risasi haikwenda popote. Madini haya hayaozi wala hayapotei kwa mvua chache. Hung'ang'ania tabaka la juu la udongo, palepale mtoto anapotambaa, kuku anapopekua na mama anapofagia. Ukifagia uwanja mkavu, vumbi hupanda, hutua kwenye sufuria, hushika vidole, na vidole vya mtoto huishia mdomoni. Kiasi kidogo mno kinatosha kuudhuru ubongo unaokua, na ukishadhurika haurudi ulivyokuwa.

Ndiyo maana fidia na usafishaji ni mambo mawili tofauti, na mimi huumia ninapoona watu wetu wakipigania la kwanza na kusahau la pili. Waulize madaktari waliokwenda jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka wa 2010, pale wachimba dhahabu waliposaga mawe yenye risasi uani na watoto zaidi ya 400 wakafa. Hao, wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, walikuwa na dawa ya kuitoa risasi katika damu. Lakini walijua kwamba mtoto akitibiwa kisha akarudishwa kwenye ua uleule ataingiwa na sumu upya, kwa hivyo ilibidi nyumba zisafishwe kwanza. Wanakijiji waliofunzwa walikwangua sentimita chache za udongo wa juu, ua baada ya ua, wakauzika kwenye mashimo maalumu mbali na makazi, kisha wakamwaga udongo safi mahali pake. Kazi ya majembe na magunia. Si mitambo ya ajabu isiyoweza kufika Kenya.

Maji ya chini ya ardhi ni balaa zaidi, kwa kuwa hayaonekani na hayashikiki kwa jembe. Mei 2015 wakazi wa bonde la Thange, huko Kibwezi, walikuta mafuta kwenye mto wao. Bomba la Kampuni ya Mabomba ya Mafuta, KPC, lilikuwa limevuja. Petroli na dizeli zikizama hadi kwenye maji huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, lakini benzini iliyomo huyeyuka ndani ya maji na kusafiri nayo. Benzini husababisha saratani ya damu. Kuiondoa kunahitaji kuchimba visima vya kufyonza, kuvuta mvuke kutoka udongoni, au kuwapulizia hewa vijidudu walioko ardhini ili waile, na kupima tena na tena kwa miaka. Mahakama huko Makueni iliamua kesi ya wakazi mwaka wa 2025 na kuiamuru KPC ilipe takriban Sh3.8 bilioni. Miaka kumi, tena.

Sasa rudi nyumbani. Tambarare za Kitengela zimefunikwa na ule udongo mweusi wa pamba. Wakati wa mvua hufura na kunata, na watu hudhani umeziba kabisa. Njoo Septemba, ukiangalia chini utaona nyufa ambazo mkono wa mtu mzima unapenya hadi kifundoni. Kinachomwagwa uani wakati huo hakisubiri kupenyeza polepole, kinateremka na ufa. Chini yake ni mwamba wa volkano wenye mipasuko yake, na upande wetu wa Kimuka, tukiteremkia Bonde la Ufa, ni hivyo hivyo. Hakuna mchimba kisima atakayekuhakikishia kwamba maji unayovuta wewe hayapakani na ya jirani. Na tayari maji ya visima vingi vya Kajiado yana floridi nyingi kwa asili yake, kama meno ya watoto wetu yanavyoonyesha. Hatuna nafasi ya kuongeza sumu ya pili.

Wapo watakaosema sheria ipo. Ni kweli ipo, na hilo ndilo linalonikera. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya 1999 inairuhusu NEMA kutoa amri ya kurudisha eneo katika hali yake, inaunda hazina ya kitaifa ya kurekebisha mazingira, na inatambua amana ambayo mwenye shughuli ya hatari anaweza kutakiwa aiweke mapema. Amana hiyo ndiyo ninayoitaka. Kampuni ikifilisika au mwenyewe akihama usiku, pesa za kukwangua udongo na kufyonza kisima ziwe zimeshalala benki. Bila amana, jirani atabaki na kesi ya miaka kumi, na wakili wa kumlipa.

Pia nataka kipimo cha mwanzo. Ripoti ya athari za mazingira huja ikiwa nene, na sura nzima kuhusu hali ya hewa na ndege. Kwa kiwanda chochote kitakachogusa betri, rangi, ngozi, mafuta au kemikali, ripoti hiyo iwe na sampuli za udongo kutoka pembe zote za kiwanja na za maji kutoka visima na silanga (mabwawa) za jirani, zipimwe risasi, kromiamu na mafuta. Asiye na kipimo cha jana atabishiwa kesho kwamba uchafu ulikuwepo tangu zamani.

Serikali ya kaunti inaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Ndiyo inayotoa leseni za biashara na kuidhinisha mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Ifungue daftari la umma la kila kiwanja kilichowahi kuwa na karakana, ghala la dawa au tangi la mafuta, kuanzia Kitengela, ambako wanaharakati wa mazingira walishaandika miaka ya 2000 kuhusu dawa za wadudu zilizopitwa na muda na kuachwa ghalani. Mnunuzi akague daftari hilo kama anavyokagua hati. Najua mawakala wa ardhi hawatalifurahia, kwa kuwa bei za ploti fulani zitashuka. Zishuke. Afadhali bei ishuke kuliko familia kuhamia juu ya sumu kwa mkopo wa sako.

Wawakilishi wetu wa wadi wakiitisha kikao cha maoni kuhusu mpango wa matumizi ya ardhi, wazee na akina mama wa Kimuka waende na maswali haya: nani amepima udongo, kipimo kiko wapi, amana ni shilingi ngapi na imewekwa benki gani, na udongo mchafu ukitolewa utazikwa wapi, kwa sababu hauwezi kumwagwa tu kwenye dampo la Ngong. Wasikubali kutia sahihi orodha ya mahudhurio kabla majibu hayajaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.